Mkondo wa Nishati, Mzunguko wa Virutubisho

Mwaka 1935 mwanabotania wa Kiingereza, Arthur Tansley, alibuni istilahi ambayo sisi twaiita mfumo ikolojia, akikusudia kuwakusanya chini ya jina moja viumbe hai pamoja na udongo, maji na hewa viwakimuvyo. Istilahi imetufaa, walakini imeandamana na ibara ambayo mimi siiafiki, nayo ni ile ya "mzunguko wa nishati". Nishati haizunguki.

Tuutazame Mto Mara, utokao Mau ukapita katika mbuga za nyumbu hadi Ziwa Viktoria. Nuru ya jua hunaswa na jani, jani huliwa na nyumbu, na nyumbu, akikosa bahati kivukoni, huliwa na mamba; illa katika kila hatua sehemu kubwa ya nishati hutoweka ikawa joto, hata aghalabu kimfikiacho mlaji afuataye ni yapata asilimia 10 tu, mfano wa shehena ipitayo forodha nyingi, kila forodha ikitoza ushuru wake. Raymond Lindeman, aliyekichunguza kiziwa kimoja cha Minnesota, ndiye aliyeipa hesabu hii msingi wake, katika makala iliyochapishwa mwaka 1942, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufariki angali kijana. Na maadamu joto lililokwisha kutoka halirejei tena kuwa jani, jina la haki la mwendo wa nishati ni mkondo: huingia upande mmoja, hutokea upande wa pili, na pasipo jua la kesho mbuga nzima ingekufa njaa.

Virutubisho vina kanuni nyingine. Watafiti waliotoa matokeo yao mwaka 2017 walikadiria kwamba kila mwaka nyumbu wapatao 6,250 hufa maji katika Mara, na mamba, kinyume cha wadhaniavyo watalii, hula sehemu ndogo mno ya mizoga hiyo. Nyama laini huoza katika muda wa majuma kadhaa, ikiwalisha samaki, funza na tumbusi, nao tumbusi huchukua sehemu yao mbali na mto. Ama mifupa, hiyo hukaa miaka saba hivi ikiachia fosforasi kidogo kidogo, na miani huota juu yake. Fauka ya hayo wako viboko, walishao nchi kavu usiku na kushinda majini mchana wakimwaga humo samadi. Chembe ile ile ya fosforasi yaweza basi kuwa nyasi, mfupa, mwani, kisha samaki.

Hata hivyo duara hili si kamili. Naitrojeni hupata njia ya kurudi kwa hewa, kwa kazi ya bakteria. Fosforasi haina njia hiyo, na ile ichukuliwayo na maji ikazama katika tope la ziwa yaweza kungoja hata ardhi yenyewe iinuke ndipo ionekane tena juani.