Karai la Kariakoo na Siasa ya Mafuta

Ni nadra mlaji wa chipsi wa Kariakoo kuuliza zimekaangwa kwa mafuta gani. Karai limejaa mafuta ya mimea, mara nyingi mawese yaliyoshushwa bandarini kutoka Malaysia au Indonesia. Nchini Uingereza viazi kama hivyo vilikaangwa kwa miaka mingi kwa mafuta ya ng'ombe. Na huko Marekani kampuni ya McDonald's iliyaacha mwaka 1990, kwa sababu za kiafya.

Pwani yetu haikupita njia hiyo. Mpishi wa Mzizima alikuwa na nazi na ufuta; samli, iliyoletwa pia na majahazi, ilikuwa ya pilau na sherehe. Tena, katika mji wenye Waislamu wanaojihadhari na nguruwe na nyama isiyochinjwa kisheria, na Wahindu wasiokula ng'ombe, mafuta ya mimea hayamfukuzi mteja yeyote.

Hata hivyo, mila peke yake haikulijaza karai. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ikisumbuliwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Zilikusudiwa ekari zaidi ya milioni tatu. Ardhi ya Kongwa ilikauka ikawa ngumu, mvua zikakosekana, mitambo ikaharibika. Mwaka 1951 mradi uliachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikapotea. Tuzingatie shabaha yake: karanga za Ugogo zilipangiwa majarini ya London, si chungu cha Dar es Salaam.

Miaka mingi baada ya uhuru, nchi yenye alizeti Singida na Dodoma, na michikichi Kigoma, ingali inaagiza sehemu kubwa ya mafuta yake. Aprili 2022 Indonesia ilipozuia mawese kutoka nje kwa takriban majuma matatu, wakati vita vya Ukraine vimekwisha kupandisha bei, uamuzi wa Jakarta uliweza kumgusa mkaangaji wa Mtaa wa Msimbazi. Yeye, akishindwa kupandisha bei ya sahani, huyarudia mafuta yaleyale hadi yageuke meusi. Na hapo afya ya mlaji ndiyo inayolipa tofauti.

Ushuru wa mafuta ya nje ukipandishwa, mkulima wa alizeti hupumua na muuza chipsi huumia; ukishushwa, mambo hugeuka. Mvutano huo hautamalizwa na ushuru pekee, bali na mbegu bora, vinu vya kukamulia na bei ya uhakika shambani. Kila bajeti inaposomwa, wananchi wana haki ya kuuliza nani amepangiwa mafuta hayo, kama ilivyostahili kuulizwa Kongwa.