Mipaka ya kaunti na wajibu wa majirani kushirikiana

MAUNGU ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Mombasa kuelekea Nairobi, katika eneobunge la Voi, Kaunti ya Taita Taveta. Msafiri anayetoka hapo kwenda Mombasa hufika Mackinnon Road, mji ambao Taita Taveta na Kwale zimeuzozania kwa miaka mingi. Mzozo wa aina hii humwumiza kwanza mwananchi wa kawaida, asiyejua ni kaunti ipi itakayomtoza ushuru wa biashara na ipi itakayomchimbia kisima.

Hadi 2013, maeneo haya yalisimamiwa na mabaraza ya miji na ya wilaya. Baada ya uchaguzi mkuu wa Machi mwaka huo, majukumu mengi yalihamia kwa serikali 47 za kaunti.

Sheria yasemaje?

Kifungu cha 189 cha Katiba ya 2010 kinazitaka serikali za kaunti zishirikiane, na kinaziruhusu kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Zikizozana, sharti zijitahidi kutafuta suluhu kwa mazungumzo, upatanishi au usuluhishi. Sheria ya Uhusiano wa Serikali ya 2012 inasisitiza kuwa njia hizo zitumiwe kabla ya kwenda mahakamani.

Kubadilisha mpaka wenyewe ni kazi ngumu zaidi. Kwa mujibu wa Kifungu cha 188, ni lazima tume huru iliyoundwa na Bunge ipendekeze badiliko hilo, kisha liungwe mkono na thuluthi mbili ya wabunge wote na thuluthi mbili ya wajumbe wa kaunti katika Seneti.

Maji hayajui mpaka

Mfano ulio wazi ni maji. Chemchemi za Mzima zimo katika Mbuga ya Tsavo Magharibi, Taita Taveta. Tangu miaka ya 1950, bomba limekuwa likisafirisha maji hayo hadi Mombasa, ilhali wakazi wa kaunti yanakotoka wamelalamika mara kwa mara kuwa wao wenyewe wana kiu. Mombasa haiwezi kuacha kuyategemea, nayo Taita Taveta inadai fungu lake. Mpaka hauwezi kutatua suala hilo, makubaliano yanaweza.

Jukwaa la makubaliano kama hayo lipo. Jumuiya ya Kaunti za Pwani inaziunganisha Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Hata hivyo, Jumuiya haina uwezo wa kutoza kodi wala kutunga sheria. Maazimio yake hupata nguvu pale tu kila kaunti inapoyatengea fedha na bunge lake kuyaidhinisha.

Kwa mkazi wa Maungu au Mackinnon Road, basi, kipimo cha ujirani mwema si idadi ya mikutano ya magavana, bali ni ushuru unaotozwa mara moja tu na mfereji unaotoa maji.