Wakimbizi wa Ukraine na kitendawili cha ajira Ujerumani

ANAYETAKA kufahamu jinsi wakimbizi wa Ukraine walivyopokewa nchini Ujerumani hana budi kuanza na utafiti uliofanywa kati ya Agosti na Oktoba 2022, miezi michache baada ya Urusi kuivamia nchi yao mnamo Februari 24 mwaka huo. Asasi za Ujerumani zinazochunguza ajira, idadi ya watu na uhamiaji ziliungana na kuwahoji watu 11,225.

Ilibainika kuwa asilimia 80 ya watu wazima waliohojiwa walikuwa wanawake, wengi wao bila waume, kwa sababu serikali ya Kyiv ilikuwa imewazuia wanaume wa umri wa miaka 18 hadi 60, isipokuwa wachache, kuondoka nchini. Takriban robo tatu waliishi katika nyumba za kawaida. Msomaji aliyezoea picha za mahema ya Dadaab huenda akastaajabu.

Hata hivyo, waliokuwa na ajira walikuwa asilimia 17 pekee. Mwenye pupa atasema ni uvivu, lakini takwimu zizo hizo zinamkana. Asilimia 72 walikuwa na elimu ya juu, na wengi walitaka kufanya kazi. Sheria nayo haikuwazuia: mnamo Machi 4, 2022, Umoja wa Ulaya ulianza kutumia, kwa mara ya kwanza, kanuni yake ya mwaka 2001 ya ulinzi wa muda, ambayo huwapa wakimbizi haki ya kuajiriwa.

Kizingiti kilikuwa kwingineko. Ni asilimia 4 tu waliosema wanakijua Kijerumani vizuri. Karibu nusu walikuwa darasani, na kozi ya kawaida ya utangamano ina saa 600 za lugha na 100 za sheria, historia na utamaduni wa nchi. Asomaye hivyo hana wasaa wa kuajiriwa. Mama mwenye mtoto mdogo naye hupambana na uhaba wa nafasi katika shule za chekechea, ilhali daktari au muuguzi hungoja vyeti vyake vitambuliwe.

Poland ilifuata njia tofauti. Huko misaada ni midogo, lugha ina udugu na Kiukraine, na Waukraine wengi walikuwa wakifanya kazi nchini humo hata kabla ya vita. Wakimbizi walipata ajira upesi, ingawa aghalabu ilikuwa ya chini ya kisomo chao. Ni vigumu kusema nani alitenda vyema; mwalimu anayefunga vifurushi ghalani huhesabika kuwa ameajiriwa.

Berlin yenyewe ilibadili mwendo mnamo Oktoba 2023, ilipoanza kuwahimiza waliomaliza kozi kuingia kazini mara moja, lugha ikiendelea kunolewa humo humo.

Limebaki suala la muda. Waliotaka kukaa Ujerumani kwa miaka kadhaa au daima walikuwa asilimia 37 katika utafiti wa kwanza, na 44 mapema mwaka 2023. Lakini ulinzi wao umekuwa ukiongezwa mwaka mmoja mmoja, mara ya mwisho mwaka 2025, hadi Machi 4, 2027. Mafunzo ya uuguzi Ujerumani huchukua miaka mitatu.