Banio la Mtoni na Mafuriko ya Msimbazi

Sisi wa Buguruni tukisema mto, tunasema Msimbazi. Unateremka kutoka vilima vya Pugu, unapita nyuma ya nyumba zetu, hadi baharini pale Daraja la Selander. Desemba 2011, siku chache baada ya Uhuru kutimiza miaka 50, ilinyesha mvua ambayo mji haukuwa umeiona tangu 1954. Walikufa watu zaidi ya 40, na wengi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo kila mtu kijiweni ni injinia: "Lijengwe banio, maji yakome!"

Jamani, twendeni kwanza Mtoni, Temeke. Kule Mto Kizinga ulifungwa enzi za Mwingereza ili mji upate maji ya kunywa, kabla ya mtambo wa Ruvu Juu wa 1959. Banio ni ukuta mfupi tu unaokata mto. Maji yanapanda kidogo, bomba linachota. Kazi yake ni ya kiangazi. Masika yakija, kidimbwi cha nyuma yake kinajaa upesi, na maji yanapita juu kama vile ukuta haupo. Tena mchanga ukilala pale, wanaokaa upande wa juu ndio wanaofurikiwa mapema. Banio la zamani likikarabatiwa bila milango ya kufungua kabla ya mvua, wala mchanga kuzolewa, hiyo ni kupaka chokaa tu.

Na samaki je? Msicheke. Mkunga wa mtoni (samaki, si yule wa wodini) huzaliwa Bahari ya Hindi, hupanda mto angali mwembamba kama uzi, akaishi humo miaka mingi, kisha hurudi baharini kuzaa. Ukuta wima unamkatia safari. Kumbe mteremko wa mawe yenye kukwaruza, unaolowa saa zote, unamtosha kupandia. Samaki warukao wanahitaji vidimbwi vya ngazi ngazi.

Kwa Msimbazi, Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 mwaka 2022: kuchimba mto, kujenga daraja jipya Jangwani, kuhamisha karakana ya mabasi. Hapo mto unaachiwa nafasi, nami naunga mkono. Lakini nafasi hiyo ilikuwa vyumba vya watu. Mwenye nyumba anahesabiwa kwa matofali yake. Mpangaji wa chumba kimoja pale Mnyamani, mwenye kitanda na jiko la mkaa, anahesabiwa kwa nini?