Neno "Huntha" na Kesi ya Cheti ya Mwaka 2014

Mfasiri apewapo hukumu ya mahakama, kazi yake ya kwanza ni kufahamu nani anadai nini. Makala haya yanahusu hukumu mbili za Mahakama Kuu ya Kenya za mwaka 2014, ambazo kwazo mfasiri wa Kiswahili hukwama katika neno moja tu: jina la kumwitia mdai.

Katika hukumu ya kwanza, ya mwezi Julai, mahakama iliamuru kisajiliwe chama cha Transgender Education and Advocacy, kilichokuwa kimenyimwa usajili. Hukumu ya pili, ya mwezi Oktoba, ilimhusu Audrey Mbugua, mwanaharakati wa chama hicho. Yeye aliandikwa mwanamume alipozaliwa, na mwaka 2001 akafanya mtihani wa kidato cha nne kwa jina la kiume. Baadaye alichukua jina la Audrey, lakini Baraza la Mitihani likakataa kumbadilishia cheti. Msomaji aliyewahi kutafuta kazi ataelewa taabu hiyo: cheti chasema mwanamume, anayekileta ni mwanamke, na mwajiri hushuku kuwa cheti si chake. Jaji Weldon Korir aliamuru kitolewe cheti kipya chenye jina la Audrey na kisicho na alama ya jinsi, kwani maksi hazitolewi kwa kutazama kama mtahiniwa ni mume au mke.

Je, mdai huyu tumwiteje? Wapo wamwitao huntha, nao wamekosea. Neno hilo lina asili ya Kiarabu, na katika fikihi humtaja mtu aliyezaliwa na maumbile ya kiume na ya kike pamoja. Mafakihi walilihitaji hasa katika mirathi, maana fungu la mwana wa kiume si sawa na la mwana wa kike. Mahakama hiyo hiyo ilikwisha kuamua kesi ya mtu wa namna hiyo mwaka 2010. Ilimpa fidia ya shilingi 500,000 kwa alivyodhalilishwa gerezani, ila ikakataa kuweka kundi la tatu la jinsi. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,524 wa hali hiyo. Hoja yao ni ya maumbile ya kuzaliwa. Audrey hakupeleka hoja hiyo mahakamani. Mfasiri aandikaye "huntha" humtoa mdai katika kesi yake akamtia katika kesi ya mwingine, na humpa wakili wa upande wa pili jibu rahisi: mdai apimwe na daktari, shauri liishe.

"Aliyebadili jinsia" ni afadhali, lakini nalo hufanya jambo zima liwe la upasuaji. Wengi wa wahusika husema kwamba wao hawakubadili kitu. Kilichokosewa ni maandishi ya siku ya kuzaliwa.

Lugha yetu ina nyenzo za kutosha. Zamani "jinsi" na "jinsia" yalitumiwa kwa kuchanganywa. Kuanzia miaka ya 1990, hasa kwa kazi ya vyama kama Mtandao wa Jinsia Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1993, "jinsia" ilizoeleka kwa maana ya nafasi ya mtu katika jamii akiwa mke au mume. "Jinsi" ikaelekea kubaki na maumbile. Kwa hiyo napendekeza: mtu ambaye jinsia yake si ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Ni maneno mengi, nakiri. Hati ya mahakama huyavumilia. Kichwa cha habari gazetini hakiyavumilii, na kwa hicho sina neno fupi ninaloliridhia.

Sarufi, kwa bahati, haitutatizi. Kiingereza humlazimu jaji kuchagua kiwakilishi cha kike au cha kiume tangu sentensi ya kwanza. Nilipojaribu kuifasiri hukumu ya Oktoba, "yeye" na "a-" vilinifikisha mbali bila kuulizwa lolote, hadi nilipolazimika kuandika barua ya kumpelekea mdai nakala yake. Hapo nikaandika "Bi."