Hela Mdomoni, Rupia Ardhini

Neno "hela" liko katika vinywa vya watu wote wa Bariadi. Mama auzaye viazi sokoni asema hana hela ya kurudisha. Mtoto amwomba baba yake hela ya daftari. Wachache sana wakumbuka kwamba neno hili lilikuwa jina la sarafu moja ndogo ya Wajerumani, Heller, iliyoanza kutolewa mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja. Sarafu yenyewe ilikufa zamani, lakini jina lake laishi. Kabla yake ilikuwapo pesa, neno lililotoka Bara Hindi. Kampuni ya Wajerumani ilipotoa pesa zake za shaba kuanzia mwaka 1890, iliziandika kwa herufi za Kiarabu na mwaka wa Hijra, maana wafanyabiashara wa pwani walisoma herufi hizo. Na pesa 64 zilifanya rupia moja. Baadaye Waingereza walileta shilingi, ambazo sarafu zake za kwanza zina mwaka 1921.

Basi, katika lugha yetu fedha zimelala tabaka juu ya tabaka, na mwenye kujua lugha aweza kuzisoma kwa taratibu. Kadhalika ardhini zimelala hivyo hivyo. Lakini tabaka za ardhini zina adui ambaye zile za lugha hazina. Habari ya adui huyo ndiyo tuliyotaka kuwaandikia waalimu wenzetu, na mapadre na wachungaji wakaao karibu na nyumba za kale.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu katika nchi za Ziwa wamekwisha kuizoea mashine ya kutafutia madini. Ni fimbo ndefu yenye duara la waya upande wa chini. Waya ule hupeleka nguvu ya sumaku ardhini. Nguvu hiyo ikikutana na chuma, shaba, fedha au dhahabu, hurudisha jibu, na mashine hulia masikioni mwa mwenyewe. Kazi hii si mpya. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alijaribu kwa chombo cha namna hiyo kuitafuta risasi katika mwili wa Rais Garfield wa Marekani, asiipate. Na katika Vita Kuu ya Pili majeshi yalitafutia mabomu yaliyofukiwa. Chombo chenyewe hakina hatia. Ila siku hizi wako vijana wanaokichukua wakaenda nacho, si machimboni, bali penye magofu ya ikulu za watemi, maduka ya kale ya Wahindi, na nyumba za misioni zilizoachwa, wakitafuta rupia.

Tueleze kidogo habari ya nyumba hizo, kwa ajili ya wasomaji walio mbali. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, lakini nchi zake ni za kale: Ntuzu, Dutwa, Itilima, Kanadi, na nyinginezo. Kila nchi ilikuwa na mtemi wake, na makao yake yaliitwa ikulu, neno la Kisukuma na Kinyamwezi ambalo leo ni jina la nyumba ya Rais wa Tanzania. Utawala wa watemi ulifutwa na serikali mwaka 1963. Tangu hapo ikulu nyingi zimebaki mistari ya mawe, chungu ya majivu, na ua wa minyaa. Upande wa Busega, kando ya Ghuba ya Speke, iko Nassa, kituo cha Wamisionari wa CMS tangu mwisho wa karne ya 19, kilichopokewa na African Inland Mission mwaka 1909. Hapana hata mahali pamoja kati ya hapo pasipo na kitu chini ya udongo.

Mwaka jana, baada ya mavuno ya pamba, tulikwenda kuiona ikulu moja ya kale katika Ntuzu. Jina la kijiji hatulitaji, tusije tukawaonyesha njia watu wenye mashine. Tulimkuta mzee mmoja ameketi chini ya mti, tukamsalimu, "Mwangaluka, guku." Akaitikia, kisha akatuonyesha mashimo tisa. Vijana walikuja wakati wa usiku na taa, wakachimba mahali palipokuwa mlango wa nyumba kubwa. Walipata kipande cha jembe, maganda mawili ya risasi, na chungu. Chungu walikipasua. Ndani yake mlikuwa na rupia moja ya fedha, hela mbili, shanga, na simbi nyingi. Rupia waliiuza njiani kwa bei ya kuku wawili. Simbi na shanga walizimwaga.

"Mwalimu," mzee alituambia, "kile chombo chao kinasikia chuma tu. Simbi hakizisikii."

Maneno haya ya mzee tumeyatafakari sana tangu siku ile, kwa kuwa ndani yake mna jambo zima. Mashine husikia madini peke yake. Haisikii simbi, wala shanga, wala kigae, wala jivu, wala mfupa. Nao utajiri wa Usukuma wa kale, kwa sehemu kubwa, haukuwa madini. Ulikuwa ng'ombe, nafaka, na watu. Kitu cha madini kilichokuwa na thamani kubwa ni jembe la chuma, lililofuliwa na Warongo upande wa Geita na Uzinza, ambalo lilitolewa katika mahari na kubadilishwa kwa mali nyingine. Na alama ya utemi ilikuwa kibangwa, yaani kisahani cheupe kilichokatwa katika kombe la bahari. Kilitoka Bahari ya Hindi, kikasafiri mwendo wa miezi migongoni mwa wapagazi, hata kikafika kifuani mwa mtemi. Kijana mwenye mashine aweza kusimama juu ya kibangwa asisikie neno.

Tena, hata hicho kilichosikiwa kimepotea. Kodi ya nyumba ya Wajerumani iliamriwa mwaka 1897, rupia 3 kwa nyumba ya vijijini. Mwanzoni watu waliweza kulipa kwa mazao au kwa kazi, lakini baadaye walidaiwa fedha, na hapo rupia na hela zikaingia kila mji. Je, watu wa nyumba ile waliacha kutunza simbi siku hela zilipokuja, au walitunza zote pamoja? Hilo ni swali kubwa katika historia ya nchi hii, nalo jibu lake lilikuwa katika chungu kile. Kama hela zililala chini ya simbi, basi simbi zilitiwa baada ya mwaka 1904, na watu walikuwa bado wanazithamini. Kama hela zililala juu, chungu chaweza kuwa cha kale zaidi, na hela ziliongezwa baadaye. Aidha, mzee alikuwa amesikia habari mbili kwa wakubwa wake: wengine walisema ni akiba ya kodi, wengine walisema chungu kilizikwa mlangoni kwa ajili ya masamva, yaani mizimu ya ukoo. Mpangilio wa vitu ungaliweza kutupa neno la kuzipima habari hizo. Vijana walikigeuza chungu juu chini katika dakika moja, na hakuna awezaye kukipanga tena.

Yawapasa waalimu kuufahamu pia uvumi unaowaongoza vijana hawa. Husemwa kwamba Wajerumani walipokimbia waliacha masanduku ya dhahabu chini ya kila nyumba. Uvumi huu una mzizi wa kweli, nao ni huu. Mwaka 1916, walipokuwa wamezingirwa na vita, Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli huko Tabora, kwa dhahabu ya Sekenke katika nchi ya Iramba, kusini mwa Meatu. Zina picha ya tembo mbele ya mlima. Lakini zilipigwa kiasi cha 16,000 tu, kila moja gramu 7 na kidogo. Zote pamoja, tukizipima, hazizidi kilo 120, na dhahabu halisi ni robo tatu ya uzito huo. Tena zilitolewa ili zitumike, na nyingi zimo katika mikusanyo ya watu ulimwenguni. Mji wa Tabora ulitekwa na Wabelgiji mwezi wa Septemba mwaka huo huo. Na boma kubwa la Wajerumani upande wa Usukuma lilikuwa Mwanza, wala si Bariadi. Kijana anayechimba ikulu ya Ntuzu kwa kutafuta masanduku hayo atachimba mpaka azeeke.

Mtu aweza kuuliza, Je, mahali sarafu ilipolala pana faida gani, maadamu sarafu yenyewe ipo mkononi? Tujibu kwa mifano miwili ya pwani. Mwaka 1984 wataalamu waliochimba Mtambwe Mkuu, katika kisiwa cha Pemba, walipata sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu. Nyingine za fedha zilikuwa na jina la Ali bin al-Hasan, ambalo laonekana pia katika sarafu za Kilwa. Wenye elimu walikuwa wakidhani mfalme huyo alitawala karibu na mwaka 1200. Lakini kati ya zile dinari zilizolala pamoja na fedha zake mlikuwa na za Wafatimi, za karne ya 11. Na kwa ajili hiyo tarehe za wafalme wa pwani zilirudishwa nyuma zaidi ya miaka mia. Kama dinari zingaliuzwa mbali na zile za fedha, tungalikuwa bado tunafundisha kosa.

Mfano wa pili ni kinyume chake. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa katika mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi ile. Tano zilikuwa za Kilwa, nne za Uholanzi. Zilikuwa juu ya pwani, hazina chungu wala kaburi wala nyumba. Miaka mingi imepita, na wataalamu wamekwenda kuchunguza, lakini ni nani aliyezipeleka Australia, na lini, zenyewe haziwezi kusema. Sarafu isiyo na mahali ni kama shahidi asiye na ulimi.

Sheria ya nchi yetu yalitambua jambo hili. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, yakataza kuchimba kwa kutafuta vitu vya kale pasipo kibali, na yamtaka aliyevumbua kitu aarifu. Lakini kitu cha kale, kwa maana ya sheria hiyo, ni kile kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1863, isipokuwa kingine kikitangazwa kuwa chini ya ulinzi. Rupia na hela zetu ni za baada ya mwaka huo. Basi mahali sheria inapokoma, yapasa ulinzi wa mwalimu uanze.

Nasi hatujitoi katika lawama. Miaka mingi iliyopita mwanafunzi alituletea hela yenye tundu katikati, ya mwaka 1913, na herufi J, alama ya kiwanda cha Hamburg. Tulimshukuru, tukaisugua kwa ndimu na mchanga hata ikang'aa, tukaitia katika mnyororo wa funguo. Hatukumwuliza aliiokota wapi. Tunayo hata leo, na kila tunapofungua mlango twaiona, nayo haina la kutuambia ila yale yaliyoandikwa juu yake, ambayo yamo katika vitabu. Kijana yule hatujui aliko.

Kwa hiyo twawashauri wenzetu jambo rahisi. Kila shule na iwe na daftari moja. Mtoto akileta sarafu, kipande cha jembe, shanga au kigae, asipigwe wala asisifiwe mno, bali aulizwe mambo manne: Kilikuwa wapi? Kina gani? Kililala pamoja na nini? Wazee wa mahali pale wasema nini? Majibu yaandikwe siku ile ile pamoja na tarehe, na kitu kisisuguliwe. Lionekanapo jambo kubwa, kama chungu kizima au kaburi, udongo urudishwe na serikali ya kijiji iarifiwe, ili habari iwafikie watu wa makumbusho. Hata hapa Usukuma iko Bujora, karibu na Mwanza, ambako Padre David Clement alianza katika miaka ya 1950 kukusanya ngoma na vitu vya watemi vipate kuhifadhika.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema kwa ajili ya duka, lakini neno hili lafaa zaidi kwa mali iliyo chini ya udongo. Tulipoondoka katika ikulu ile, mzee alikuwa ameinama akiokota simbi moja moja katika majani na kuzitia katika kofia yake. Tulikaa tukamsaidia mpaka jua likazama. Zilipata 43, nasi tuliziandika.