Taa ya Adhuhuri: Habari za Mmweko katika Picha za Nchi ya Jua Kali

Kuwasha taa adhuhuri, jua likiwa utosini, ni kitendo ambacho akili ya kawaida hukicheka. Taa ni mali ya usiku, na mtu aichukuaye mchana hudhaniwa kuwa amechelewa kurudi au ameharakisha kuondoka. Lakini katika sanaa ya kupiga picha jambo hili halina kichekesho. Mpiga picha stadi asimamaye uwanjani Bariadi saa saba mchana, mbele ya mtu aliyevaa kofia pana, huwasha mmweko wake, ule ambao katika mazungumzo ya kila siku huitwa flashi, wala si kwa sababu nuru ni haba. Nuru ni nyingi mno, nayo imeangukia pasipotakiwa. Habari za taa hiyo, jinsi ilivyozaliwa kwa ajili ya giza ikaishia kutumika juani, na jinsi ilivyochelewa kuwafikia watu walioihitaji kuliko wengine, ni fungu la historia ya sura za watu wa Afrika Mashariki.

Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2012, iko pungufu kidogo ya nyuzi 3 kusini ya Ikweta. Jua hupita juu yake sawasawa mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwisho wa Septemba. Tena, kwa kuwa saa za Tanzania zimepimwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, hali Bariadi iko karibu na nyuzi 34, adhuhuri ya kweli hufika pale kiasi cha robo tatu za saa baada ya saa za mkononi kuonyesha saa sita. Hata siku ya Nane Nane, ambayo kitaifa iliadhimishwa katika viwanja vya Nyakabindi mwaka 2018 na 2019, jua hupanda hadi nyuzi 71 hivi. Nuru ishukayo namna hiyo huufanya uso wa mtu uwe kama nchi ya milima: paji, ncha ya pua na juu ya mashavu hung'aa, na mabonde ya macho hubaki gizani. Mtu akivaa kofia, uso mzima huzama. Kivulini humo nuru yaweza kuwa robo ya ile ya juani, au hata thumuni yake. Jicho la mwanadamu halitaabiki kwa tofauti hiyo, maana hujirekebisha kila litazamapo. Filamu hutazama mara moja tu, na ilichokosa imekikosa.

Ardhi nayo ina neno katika shauri hili. Wakulima wa Usukuma walizipambanua aina za udongo wao zamani sana, na majina yao yakaingia katika vitabu vya mabwana shamba: luseni ni udongo mwepesi wa kichanga, mbuga ni ule mzito mweusi wa mabondeni. Wao walitafuta mahali pa kupanda mtama na pamba, lakini mpiga picha angeweza kuyatumia majina hayohayo. Luseni, kwa weupe wake, hurudisha juu sehemu ya nuru na kuyafikia macho kutoka chini; mbuga huimeza. Mtu yuleyule, saa ileile, akihamishwa kutoka huku kwenda kule, hutoka katika picha na sura mbili. Hapana kirudisha nuru bora kuliko lundo la pamba wakati wa mauzo: asimamaye karibu nalo hupata uso laini ulionyooka, pasi na taa yoyote. Ila si kila mtu apigwaye picha ana lundo la pamba ubavuni.

Wapiga picha wa kwanza wa pwani walilikwepa jua badala ya kupambana nalo. Mwingereza James Augustus Grant alipiga picha Unguja mwaka 1860, kabla hajaongozana na Speke kwenda bara, na baadaye aliona kalamu na rangi zinamfaa kuliko kamera. Waliomfuata katika mji ule, akina Gomes na Coutinho wenye asili ya Goa, walifanya kazi katika vyumba ambamo nuru iliingia kwa adabu kupitia dirishani au kitambaani. Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, aliurithi utaratibu huo, ingawa kamera yake ilitoka nje pia, barabarani na bandarini. Studio ilikuwa, kwa maana moja, kivuli kilichojengwa kwa makusudi. Mwenyeji wa Ntuzu au wa Meatu, aliyekuwa mbali na mji wenye studio, alipigwa picha nje, tena aghalabu na mgeni mpita njia, saa iliyomfaa mgeni.

Na taa je? Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walitangaza unga wa magnesi uliochanganywa na dawa za kuuchochea, ambao ukiguswa na moto huripuka kwa nuru kali ya kitambo kidogo. Unga huo ulitoa moshi mwingi na uliweza kumjeruhi autumiaye. Ulifika Afrika Mashariki mapema kuliko mtu angetarajia, lakini haukuletwa kwa ajili ya watu. Carl Georg Schillings, katika safari zake za mwaka 1903 na 1904 katika koloni la Wajerumani, aliutega nyikani usiku pamoja na kamera, akafunga chambo, na simba au chui alipogusa uzi alijipiga picha mwenyewe. Kitabu chake, Mit Blitzlicht und Büchse, kilitoka mwaka 1905 na kusomwa sana Ulaya. Miaka ya 1920 Martin Johnson na mkewe Osa, kutoka Marekani, walifanya kazi ya namna hiyo huko Marsabit, Kenya. Historia ina mzaha wake: katika nchi hizi simba alimulikwa usoni miaka mingi kabla ya mkulima.

Balbu ya mmweko ilianza kuuzwa Ujerumani mwishoni mwa mwaka 1929, kazi ya Johannes Ostermeier. Moto ukafungiwa ndani ya kioo, na moshi ukaisha. Tangu hapo waandishi wa magazeti wa Marekani na Ulaya walianza kuutumia mmweko hata mchana, wakauoanisha na mlango wa kamera ili nuru ya taa na nuru ya jua ziingie kwa pamoja. Filamu za rangi zilipoenea, balbu zilipakwa buluu ili nuru yake ifanane na ya mchana. Maarifa, basi, yalikuwako. Lakini balbu moja iliungua mara moja ikatupwa. Mtu aliyetoza fedha kidogo kwa picha moja, katika mji wa ndani, asingeweza kuteketeza balbu kwa kila mteja na huku jua likiwaka bure juu yake. Taa ya umeme isiyoungua, ambayo Harold Edgerton aliiendeleza Marekani tangu mwaka 1931, ndiyo iliyolitatua tatizo hilo, nayo ilihitaji miaka mingi kushuka bei na uzito.

Yafaa kueleza kazi yenyewe, maana wengi huidhania kuwa ni kuongeza mwanga tu. Chukua filamu ya daraja 100 na jua kali lisilo na wingu. Tundu la lenzi huwekwa namba 16, na mlango hufunguka kwa sehemu 1 ya 125 ya sekunde. Taa ambayo nguvu yake kwa filamu hiyo ni namba 32, kwa kipimo cha mita, hutoa nuru iliyo sawa na ya jua ikiwa mita 2 kutoka usoni, kwa kuwa 32 kugawanya kwa 16 ni 2. Usawa huo haupendezi. Uso hung'aa kama sahani, na vivuli vyote hukimbia hata vile viupavyo umbo lake. Mpiga picha mzoefu hurudi nyuma hadi karibu mita 3, taa ikawa nusu ya jua, au huipunguza hata robo. Hapo macho huonekana, na jua hubaki bwana wa picha. Taa ionekanayo imekosea kazi yake.

Liko na jambo la mlango. Kamera nyingi za bei kubwa zina mlango wa pazia upitao mbele ya filamu, na ukienda mbio haufunui filamu yote kwa wakati mmoja. Mmweko, ambao aghalabu haudumu hata sehemu 1 ya elfu ya sekunde, hukuta upande mmoja umefunikwa. Kwa hiyo kamera kama Zenit E ya Urusi iliweza kuoana na taa ya umeme kwa sehemu 1 ya 30 ya sekunde tu. Kwa mwendo huo jua la adhuhuri lilidai tundu namba 32, hali lenzi yake ya kawaida ilikoma 16. Nuru iliingia mara nne ya kiasi. Kamera za lenzi mbili, kama Rolleiflex na Yashica, zilikuwa na mlango wa majani ndani ya lenzi, unaooana na taa kwa mwendo wowote. Vivyo hivyo kamera ndogo za mkononi: Konica ilipotoa mwaka 1975 kamera iliyojengewa taa ndani yake, na wengine wakaiga, chombo cha mtu wa kawaida kiliweza kufanya juani kitu ambacho kamera ya fahari ilishindwa.

Katika pengo hilo la miaka, kati ya maarifa kupatikana na maarifa kufika, ndipo ulipoota uzushi kwamba mtu mweusi hatoki vizuri katika picha. Uzushi huu ulisemwa na wageni, kisha ukasemwa na wenyeji wenyewe kwa unyonge, na ni wajibu wa mwanahistoria kuuchunguza. Kipima nuru cha kamera hukisia kwamba vyote vilivyo mbele yake vinarudisha, kwa wastani, chini kidogo ya humusi ya nuru. Mweke mtu mwenye ngozi nyeusi mbele ya anga nyeupe na nyasi kavu za Agosti: kipimo kitaitii anga, kitafunga tundu, na uso utatoka kama doa. Ngozi haikukosa, kilichokosa ni kipimo, na mtu aliyekiamini. Ugonjwa ulifika hata katika kiwanda. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak ilizigawia maabara kadi za kusawazishia rangi zenye picha ya mwanamke Mzungu, na ngozi yake ikawa ndiyo mizani ya ngozi zote. Malalamiko yaliyosikilizwa na kiwanda hicho miaka ya baadaye yalitoka, kwa sehemu kubwa, kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia hazikutoka vema. Jambo hili latosha kumkasirisha hata mtu mpole.

Wala taa yenyewe haikuwa rafiki wa watu daima. Kamera ya Polaroid iliyoitwa ID-2, iliyotengenezwa kwa picha za vitambulisho, ilikuwa na kitufe cha kuzidisha mmweko, na mitambo ya kampuni hiyo ilitumika Afrika Kusini katika vile vitabu vya pasi ambavyo Mwafrika alilazimishwa kuvichukua. Wafanyakazi wake wawili, Caroline Hunter na Ken Williams, walianza kuupinga uuzaji huo mwaka 1970, na kampuni iliondoka nchi ile mwaka 1977. Pale uso mweusi ulimulikwa barabara, lakini na askari. Tofauti ya taa ile na hii ya uwanjani Bariadi haimo katika nguvu ya nuru. Imo katika swali la nani ameiomba picha na nani ataiweka nyumbani.

Mtu akitaka kuona haja ya taa hiyo, na aende kwenye ngoma za Usukuma baada ya mavuno, Juni hadi Agosti, ambapo vyama vya Bagika na Bagalu hushindana kuvuta umati. Wachezaji huvaa vilemba na manyoya, hucheza mchana kutwa, tena mara nyingi mahali pa wazi, maana umati hauenei chini ya mti. Mbinu ya kumpeleka mtu kivulini haifai hapa, ngoma haihamishwi. Hata hivyo taa ina mipaka yake. Nuru yake hupungua kwa mraba wa umbali: aliye mita 4 hupata robo ya ile aipatayo aliye mita 2. Safu ya mbele hutoka na macho, safu ya tatu hurudi katika hali ya zamani, na kiongozi wa ngoma, akiwa nyuma, hupotea.

Yaliyofuata ni habari ya mitambo zaidi kuliko ya watu. Olympus OM-2 ya mwaka 1975 iliupima mmweko ndani ya kamera, na Nikon F-801 ya mwaka 1988 iliweza kuulinganisha na jua yenyewe. Simu ya leo huunganisha picha kadhaa kuwa moja ili kukiokoa kivuli, kwa kuwa kijitaa chake hakina nguvu ya kushindana na adhuhuri.

Kwa msomaji wa picha za zamani, hata hivyo, lipo fundisho la kazi. Atazame mboni ya jicho kwa kioo cha kukuzia. Adhuhuri bila taa, aghalabu mboni haina nukta yoyote, kwa sababu paji limelizuia jua. Akiona weupe mpana hafifu katika nusu ya chini, nuru imetoka ardhini: luseni, ukuta uliopakwa chokaa, au lundo la pamba. Akiona nukta moja ndogo, kali, karibu na katikati, hapo mtu alisimama mbele ya mwenzake mchana mweupe, akawasha taa ili amwone macho.